Daftari la Mwethya: Nafsi ya Kwanza katika Insha ya Kujitolea

Miongoni mwa tanzu ambazo wahakiki wa fasihi nchini Kenya hawajazitupia jicho, ipo ile insha fupi ambayo kijana huiandika ili akubaliwe katika chuo kikuu cha Marekani. Si utanzu wa kudharauliwa. Husomwa na watu walioajiriwa kuusoma, huandikwa upya mara nyingi kuliko hadithi fupi nyingi zinazochapishwa, na kwa mtunzi asiye na karo matokeo yake ni mazito kuliko ya tuzo yoyote ya fasihi. Kaida zake nazo ni kali. Fomu ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15, na ambayo sasa hupokewa na vyuo zaidi ya 1,000, imeweka tangu 2013 kikomo cha maneno 650. Msimulizi ni wa nafsi ya kwanza, umoja. Hadhira ni mtu mmoja asiyejulikana, aliye mbali, mwenye rundo kubwa mbele yake.

Ndani ya utanzu huu umo mkondo uliochakaa kuliko mingine, nao ni insha ya kujitolea. Msuko wake wajulikana. Kijana anafika mahali penye dhiki akiwa na nia njema. Anakutana na mtoto mwenye macho makubwa. Mtoto anamshika mkono. Kijana anatokwa na machozi, kisha anarudi kwao akiwa ametambua kwamba alikwenda kutoa kumbe amepokea. Mtoto hana jina, na aghalabu hasemi neno. Msomaji aliyeuzoea mkondo huu aweza kuikamilisha insha mwenyewe baada ya aya ya kwanza. Lawama dhidi ya nia iliyo nyuma yake si mpya. Mwaka 1968 Ivan Illich, akiwahutubia vijana wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea Mexico, aliwasihi waende kutazama na kujifunza ikiwa ni lazima waende, lakini wasiende kusaidia. Binyavanga Wainaina, katika makala yake ya kejeli iliyotokea katika jarida la Granta mwaka 2005, alizianika kaida za kuiandika Afrika kwa ukamilifu mkubwa hata ikawa vigumu kuzitumia tena pasipo haya. Na mwezi Januari 2016 mradi mmoja wa Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Harvard ulitoa ripoti iliyovitaka vyuo vithamini huduma ya kudumu katika jamii ya mwombaji mwenyewe, pamoja na kazi anazoifanyia familia yake, badala ya safari fupi za kujionyesha.

Ndiyo maana waombaji hushauriwa jambo moja kila mara: tafuteni mtazamo mpya. Ni ushauri mwema usioeleza upya wenyewe hutoka wapi. Kinaya kikubwa zaidi ni kwamba mkondo huu, uliozaliwa na safari za vijana wa mataifa tajiri, sasa huandikwa pia na vijana wa mahali palepale palipokuwa mandhari yake.

Msichana anayehusika hapa alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepata matokeo mazuri ya KCSE kutoka shule ya bweni ya wasichana katika Kaunti ya Machakos, na alikuwa nyumbani mwaka mzima akijaza fomu na kumsaidia mamake. Msaada wa kifasihi aliupata kwa mwalimu wake wa zamani wa Kiingereza, mzee aliyekwisha kustaafu, ambaye aliwahi kuwasomea insha wanafunzi kadhaa waliokwenda ng'ambo. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti huku akigonga meza kwa kalamu kila alipofika kwenye neno asiloliamini.

Rasimu ya kwanza ilihusu makao ya watoto mayatima. Shuleni msichana alikuwa mwanachama wa Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanzishwa nchini mwaka 1966, ambao humtaka kijana atimize kipindi cha huduma na kukiandika katika kitabu cha kumbukumbu. Jumamosi moja kundi lao lilipeleka kwenye makao hayo unga, sukari na vipande vya sabuni, likaimba, likapiga picha, likarudi shuleni kabla ya chakula cha jioni. Katika rasimu, saa hizo nne zilikuwa zimegeuka kuwa safari ya roho. Alikuwamo mtoto mwenye macho makubwa. Yalikuwamo machozi. Mwalimu aligonga meza mara nyingi kiasi kwamba msichana aliacha kuhesabu.

Ingekuwa rahisi kumlaumu kwa kuiga Wamarekani, lakini sehemu kubwa ya rasimu ile ilitoka karibu zaidi. Mwanafunzi wa Kenya hulelewa katika insha ya Kiswahili na ya Kiingereza inayotuza mapambo: jua la utosi, moyo uliodunda kama ngoma, mwisho unaorudi kwenye methali kama ng'ombe zizini. Hufunzwa kwamba kuna mambo ambayo insha nzuri huyahisi, na yeye huyahisi. Msichana huyu alikuwa amepata alama za juu kwa ustadi huo. Hakuwa akidanganya alipoandika kwamba alilia. Alikuwa akitimiza kaida, na kaida haiulizi kama ulilia.

"Binti yangu," mwalimu alimwambia, "huyo mtoto alisema nini?"

Hakukumbuka. Pengine hakusema lolote, au pengine hakuna aliyemwuliza.

Rasimu ya pili ilikuwa matokeo ya kuuchukua ushauri wa upya kwa uzito uliopita kiasi. Tukio lilikuwa lilelile, lakini msimulizi alikuwa gunia la unga. Gunia lilieleza lilivyobebwa, lilivyopigwa picha likiwa katikati ya wasichana wenye sare, lilivyofunguliwa wageni walipokwisha kuondoka. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Hata hivyo mbinu hiyo ina nasaba ya heshima. Viktor Shklovsky, katika makala yake mashuhuri ya 1917 kuhusu sanaa kama mbinu, alipotaka kuonyesha jinsi fasihi inavyokifanya kigeni kilichozoeleka, alitoa mfano wa hadithi ya Tolstoy inayosimuliwa na farasi. Farasi yule haelewi umilikaji ni nini, na kwa sababu haelewi, msomaji anauona umilikaji kana kwamba ni mara ya kwanza. Gunia la msichana lilishindwa kwa sababu lilielewa kila kitu. Lilikuwa msichana yuleyule aliyejificha ndani ya kitambaa, likiwahurumia watoto walewale kwa maneno yaleyale. Kubadili anayesema hakukubadili mahali pa kutazamia.

Lilikuwapo na tatizo la kawaida zaidi, ambalo mwalimu alilieleza kwa maneno machache. Fomu ile ina orodha ya shughuli kumi, kila moja ikiwa na nafasi ya herufi 150. Ziara ya makao ya watoto ilikuwa imekwisha kuandikwa hapo, na ilitosha hapo. Insha inayorudia orodha haina kazi. Mwalimu alimtaka aandike jambo ambalo lisingeweza kuingia katika herufi 150 hata likikunjwa.

Kabla ya kufika kwenye rasimu ya tatu yafaa neno lenyewe litazamwe, kwa kuwa katika Kiswahili lina fumbo ambalo neno la Kiingereza halina. Lile la Kiingereza limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya utashi. Mkazo wake ni kwamba mtu ametaka. Kujitolea hakusemi kama mtu ametaka au hakutaka. Kuna kitenzi toa, kuna kauli ya kutendea, na kuna kiambishi -ji- kinachoirudisha kazi ya kitenzi kwa mtenda mwenyewe. Katika maana iliyozoeleka, nafsi ni shamirisho kipozi: ndiyo kitu kinachotolewa. Lakini umbo hilohilo laweza kusomwa vingine. Mtu akienda benki na kadi yake, anajitolea pesa. Hapo -ji- ni kitondo. Nafsi ndiyo inayotolewa kitu. Sarufi haikuamua. Ni muktadha unaomwambia msikilizaji kama nafsi imetoka au imepokea, na insha ya kujitolea ya mkondo uliochakaa ni maandishi yanayoanza kwa maana ya kwanza na kuishia kwa ya pili pasipo kukiri kwamba yamehama. Kila kilichomo, mtoto, unga, machozi, huishia katika akaunti ya msimulizi.

Rasimu ya tatu ilianzia mahali ambapo msichana hakudhani pana kujitolea kokote. Mwaka ule kijiji kilikuwa kikijenga bwawa la mchanga katika mto wa msimu ulio chini ya mashamba yao. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, kukatiza mto. Mvua zikija, mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembe za mchanga, mbali na jua, hadi kiangazi. Kazi hufanywa na mwethya, kundi la ushirikiano la Wakamba ambalo wengi wa wanachama wake ni wanawake. Mwethya una historia isiyo nyoofu. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Machakos kuchimba makinga maji, nao wakaichukia kazi hiyo kama walivyokuwa wamechukia kupunguziwa mifugo, jambo lililomfanya Muindi Mbingu awaongoze wenzake hadi Nairobi mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 kazi ileile ilifanywa na vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi, na matuta yakapanda milima. (Aina moja ya matuta hayo huitwa fanya juu, na jina hilo limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa, heshima ambayo washairi wetu wachache wameipata.) Kwa hiyo mtu akiuliza kama mwethya ni hiari au ni lazima, anauliza swali ambalo milima ile imelijibu kwa namna mbili.

Kanuni za mwethya wa kijiji kile zilikuwa wazi. Kila boma lilimtoa mtu mmoja Jumatatu na Alhamisi. Asiyefika wala kumtuma wa badala alilipa shilingi 100, nazo zilikwenda kwenye saruji. Msichana alihesabiwa kwa boma la mamake, na kwa kuwa alikuwa na elimu ya sekondari na mikono isiyozoea sururu, alikabidhiwa daftari la mahudhurio. Baada ya kuita majina alibeba mawe kwa karai kama wengine.

Nyanyake alikuwa mwanachama kwa boma lake mwenyewe, ng'ambo ya bonde. Alhamisi moja goti lilimwuma, hakuja, na hakuwa na wa kumtuma. Msichana alipofika kwenye jina lake alitia alama ya kuwapo. Hakufikiri sana, alimwona mtu mzee, akaiona shilingi 100, akafanya hisani. Mwisho wa mwezi daftari lilisomwa chini ya mti. Mwenyekiti alipomtaja nyanya kuwa hakukosa hata siku moja, bibi huyo alisimama kwa kulishika bega la jirani yake akasema, "Alhamisi ile sikuwako." Mwenyekiti alilitazama daftari, kisha akamtazama msichana. Hakuna aliyesema neno. Nyanya alifungua pindo la leso yake, akatoa noti.

Daftari halikunyang'anywa kutoka kwa msichana. Ila tangu siku hiyo mwanamke mmoja asiyejua kusoma alikaa karibu naye kila alipoita majina, akihamisha kijiwe kimoja kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto kwa kila aliyeitikia, na mwisho wakalinganisha hesabu.

Haya ndiyo aliyoyaandika, na mwalimu aliposoma hakugonga meza. Alikaa kimya, kisha akatoa pingamizi mbili ambazo hazikuwa za kipuuzi. La kwanza lilihusu faini. Msomaji wa Marekani, alisema, akikuta kwamba wasiofika hutozwa, ataona kazi ya kulazimishwa. Afadhali faini iondolewe na wanawake waachwe wakibeba mawe kwa moyo mkunjufu. La pili lilikuwa zito zaidi.

"Unawaambia watu wanaotaka kukupa karo kwamba ulighushi daftari?"

"Niliandika uongo, Mwalimu. Sijui kama ni kughushi."

"Wao watajua."

Hatari hiyo ilikuwa halisi. Nafasi ilikuwa moja, ada ya chuo ilikuwa mara nyingi zaidi ya mapato ya maboma yote ya mwethya ule kwa mwaka, na ile rasimu ya mayatima, pamoja na uchakavu wake, isingemshtua mtu. Msichana alikaa na karatasi hizo siku kadhaa. Alijaribu kuiondoa faini. Ilipoondoka, nyanya hakuwa na sababu ya kusimama, alama ya uongo haikuwa na uzito, na wanawake waligeuka kuwa mandhari: migongo iliyoinama, nyimbo, machweo. Faini ndiyo iliyokuwa ikiwashikilia kama watu. Mtu hutozwa faini pale tu anapohesabiwa. Mtoto wa rasimu ya kwanza hangeweza kutozwa chochote na msimulizi, wala hangeweza kumtoza msimulizi chochote, na huo ndio uliokuwa unyonge wake katika insha ile kuliko uyatima.

Alimwendea nyanyake akamwuliza kama mwethya ni kujitolea. Bibi alifikiri swali lina mtego.

"Wale waliokuja na magari kuchimba choo cha shule walijitolea," alisema hatimaye. "Sisi tulikuwa tunayafuata maji yetu."

Jibu hilo, likichukuliwa kikamilifu, laibomoa mada nzima ya insha, na inawezekana ndiyo sababu msichana hakuliandika. Lakini lilimwonyesha alikokuwa amesimama. Alipotia alama ya uongo, alikuwa amemgeuza nyanyake kuwa mtu wa kusaidiwa. Kwa tiki moja ya kalamu alikuwa amemtoa katika idadi ya wenye bwawa na kumweka katika idadi ya mayatima wenye sabuni. Nyanya alikataa kuhamishwa. Maneno yake machache chini ya mti yalikuwa hotuba fupi kuliko zote katika rasimu zote tatu, na ndiyo pekee yaliyomgeuza msimulizi kutoka mtazamaji hadi mtazamwa. Kama kuna upya katika insha ile, umo hapo: tukio ni la kawaida kabisa, na pembe ya kutazamia imewekwa katika jicho la mtu ambaye kaida ilimtaka anyamaze.

Haifai kuyatia chumvi. Kosa lililokiriwa nalo lina soko lake; fomu ileile ina swali linalomtaka mwombaji asimulie kushindwa na alivyojifunza, na kwa hakika wapo washauri wanaowafundisha vijana kukosea kwa kiasi kinachopendeza. Mhakiki mkali angeweza kusema kwamba aibu ya msichana ilikuwa mtaji mwingine tu, pesa zilizotolewa benki kwa kadi iliyo nzuri zaidi. Pingamizi hilo haliwezi kuondolewa kwa hoja. Labda laweza kupimwa kwa jambo dogo: je, yule anayesimuliwa anaweza kuisikia insha mbele ya majirani zake?

Msichana alifanya hivyo, ingawa si kwa nia ya kupima nadharia. Usiku wa kuamkia siku ya kuituma, alimsomea nyanyake insha yote, sentensi baada ya sentensi, akiitoa katika Kiingereza na kuitia katika Kikamba. Mamake alikuwapo, na jirani mmoja aliyekuja kuazima moto akaketi. Nyanya alisikiliza akiwa amenyoosha goti. Alicheka paliposemwa kuhusu vijiwe. Aliposikia mwisho aliuliza swali moja.

"Umewaandikia kwamba nililipa?"

Hakuwa ameandika. Insha ilisema kwamba nyanya alisimama na kusema hakuwako. Kuhusu noti iliyotoka katika leso haikusema kitu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamefika 648. Nyanya alimwambia kwamba mtu asiyejua atadhani alisamehewa.

Msichana alirudi kwenye simu ya mamake, alikoiandika. Sentensi ya mwisho ilikuwa ndefu, nayo ilieleza alichojifunza kuhusu uaminifu, uongozi na jamii. Mwalimu aliipenda. Aliifuta yote, na mahali pake akaandika kwamba nyanyake alilipa shilingi 100 siku ileile, na kwamba zilinunua saruji.